Sumaku Nilizomfunga Konsolata

Ningemwambia Bosco "hapana" siku ile, leo nisingekuwa na kisa hiki cha kusimulia. Nalisema mapema ili msije mkadhani ninamtupia lawama. Bosco alipendekeza tu, tena nusu kwa mzaha, huku akihamisha kete zake za igisoro, bao la huku kwetu. Aliyekubali ni mimi, aliyebandua sumaku kwenye spika ni mimi, na aliyemdanganya mke wake ni mimi. Wengi wenu hapa Gisenyi aibu yangu mnaijua, maana ilitokea mchana kweupe, mpakani, mbele ya foleni nzima. Lakini mnaijua kama kichekesho, na waliowasimulia waliishia pale walipomaliza kucheka.

Mimi kazi yangu ilikuwa kutengeneza redio na spika. Nilifunga banda langu macho yalipoanza kuniangusha, nikabaki na makorokoro, na katika makorokoro hayo kulikuwa na sanduku la sumaku za spika zilizokufa, zile za mviringo, nyeusi, zenye tundu katikati (ukiingiza mkono bila akili zinakubana vidole mpaka uimbe). Mke wangu Konsolata alikuwa amezichoka. Yeye alirudi kutoka Kongo, mimi nilirudi kutoka Tanzania, tukakutana hapa tukiwa si vijana tena, na Kiswahili ndicho tulichooana nacho, chake cha kule kwake na changu cha kule kwangu. Alikuwa anaimba sauti ya pili kwenye kwaya ya parokia, na mimi nilikuwa mbeba spika wa kwaya hiyo.

Halafu akapata uvimbe kwenye titi la kushoto, na uvimbe ukawa saratani.

Kila baada ya wiki tatu tulikuwa tunapanda gari kwenda hospitali moja kule kaskazini. Alikuwa anawekewa dripu ya dawa nyekundu, nyekundu kweli, mpaka mara ya kwanza nilidhani wanamwongezea damu. Dawa ilikuwa inaingia mkono wa kulia na mimi namshika mkono wa kushoto. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu yote pale. Sikuongea, sikuwa na la kuongea, nilishika tu, naye alikuwa ananibana vidole kila kichefuchefu kilipopanda, na tukirudi nyumbani alikuwa anawaambia majirani, akiniita kwa jina la binti yetu, "Papa Diane alinishika mpaka dawa ikaisha." Nilidhani hiyo ni kazi ndogo. Mwanaume mzima, fundi, niliyesoma sekondari hadi mwisho na fizikia nikiipenda kuliko chakula, nashika mkono! Nilitaka kutengeneza kitu.

Basi binti yetu Diane, anayesoma kemia chuo kikuu, akaja likizo. Jioni moja tukiwa tunamenya viazi nikamuuliza kwa nini dawa ya mama yake inamtoa nywele wakati ugonjwa uko kwenye titi. Akaniambia dawa inazunguka mwili mzima, haijui pa kusimama. Akaongeza kwamba kuna wataalamu wanatengeneza chembe za sumaku, ndogo mno, chembe za nano, nyingi sana zinaweza kukaa juu ya ncha ya sindano na usizione. Wanazibebesha dawa ya saratani, wanaziingiza kwenye damu, kisha wanaweka sumaku nje ya mwili, pale penye uvimbe, ili chembe zikusanyike hapo na dawa ifanye kazi hapo bila kuharibu kwingine.

"Chembe hizo ni za nini?" nikauliza.

"Nyingi ni za chuma, papa. Chuma na oksijeni. Jamaa wa kutu."

"Na sumaku wanaweka nje tu? Juu ya ngozi?"

"Nje, ndiyo, lakini ni sumaku maalumu. Na papa, sikiliza, hii bado ni utafiti. Wanajaribu maabara, kwa panya, na kwa wagonjwa wachache sana nchi za mbali. Hospitali ya mama hawana. Dawa ya mama ni ya kawaida."

Alisema vizuri, alisema polepole, na mimi nilisikia kila neno. Siwezi kusingizia masikio. Ila nililichukua lile la sumaku nikaliweka moyoni, na lile la "bado" nikaliacha pale kwenye maganda ya viazi.

Kesho yake nikamsimulia Bosco, rafiki yangu wa igisoro, mstaafu kama mimi. Akacheka, akasema, "We Gaspari, mutu iko na masanduku ya sumaku kwa nyumba, bibi yake iko mugonjwa, unangoja nini? Unangoja Wazungu walete spika zao?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema hapana. Badala yake nikaacha mchezo katikati (nilikuwa nashinda, jambo la nadra) nikaenda nyumbani kufungua sanduku.

Mniruhusu niwaambie hesabu zangu zilivyokwenda, maana mjinga naye huwa na hesabu. Diane amesema jamaa wa kutu. Kutu ni nyekundu. Dawa ya Konsolata ni nyekundu. Isitoshe daktari alikuwa amempa vidonge vya kuongeza chuma kwenye damu kwa sababu damu yake ilikuwa imepungua. Kwa hiyo chuma kimo, dawa imo, vyote viko kwenye mto mmoja wa damu, na kinachokosekana ni sumaku, na mwenye sumaku ni mimi. Nilijiona kama nimefumbua kitu ambacho hospitali nzima imekisahau. Hata usingizi sikupata vizuri kwa furaha.

Nikachagua sumaku nne, mbili kubwa na mbili za kati, nikazishonea kwenye mkanda wa kitambaa cha shuka, kila moja na mfuko wake, nikaweka kamba za kufungia mgongoni. Uzito wake si mchezo. Konsolata alitoka hospitali siku ya Jumatatu, na Jumanne asubuhi nikamletea mkanda wangu kama mtu anayeleta mahari.

Akaushika, akaupima kwa mkono. "Hii yote nivae mimi?"

"Siku saba tu. Dawa ikiwa bado mwilini. Sumaku itaivuta isimame kwenye uvimbe."

Konsolata hakuwa mtu wa kubishana na mimi juu ya vitu vya ufundi, maana redio yake ya kwanza nilimfufulia mimi. Akauliza swali moja tu, na muganga kwa Kiswahili chake ni daktari.

"Na muganga anajua?"

Nilikuwa nimepiga namba ya hospitali asubuhi ile. Iliita, haikupokelewa, nikajiambia nitapiga baadaye, na ndani ya moyo wangu nikafurahi kwamba haikupokelewa. Nikamtazama mke wangu usoni.

"Anajua," nikasema.

"Bon," akasema. "Kama anajua, funga."

Nikafunga. Nikakaza vizuri, mafundo matatu mgongoni, ili sumaku zisihame mahali pake.

Siku za kwanza zilikuwa na vichekesho vya nyumbani tu. Vijiko vilikuwa vinamrukia akikoroga uji. Pini zilimfuata. Siku moja alikwenda kuzima jiko akarudi na kifuniko cha sufuria kinaning'inia kifuani, tukacheka wote wawili, na nakiri kwamba kile kicheko ndicho cha mwisho ninachokikumbuka cha namna ile. Usiku alikuwa analalamika mkanda unamchoma. Nikamwambia avumilie, dawa inafanya kazi.

Jumamosi kwaya ilikuwa imealikwa kuimba harusini Goma, na watu wa hapa mnajua, Goma ni ng'ambo ya barabara tu, unavuka kwa miguu. Konsolata alikuwa amejisikia nafuu, akataka kwenda. Akavaa kitenge cha kwaya, kile cha bluu chenye maua meupe, akajifunga kilemba kuficha kichwa. Kabla ya kutoka akaniambia, "Papa Diane, leo nivue. Nitavaa tena jioni."

"Ukivua, dawa itarudi ilikotoka," nikasema. Wallahi nilisema hivyo, kana kwamba dawa ni mbuzi.

Hakuvua.

Sasa fikirieni mpaka wetu asubuhi ya Jumamosi. Wanawake wa nyanya, wanawake wa samaki, wenye mikokoteni, wanafunzi, wote wamepangwa katikati ya vyuma vya foleni, na mbele wamekaa maafande na meza zao. Na kila mtu mpakani, hata mtoto, anajua jinsi magendo yanavyopita: yanafungwa mwilini, chini ya kitenge. Mimi nimeishi hapa miaka karibu thelathini. Nimeona wanawake wakifunguliwa vitenge kumi na viwili kutoka kiunoni. Na bado haikunijia hata kidogo kwamba nimempeleka mke wangu mpakani akiwa amefungwa mzigo kifuani.

Jua lilikuwa kali, foleni haiendi. Konsolata ni mfupi. Akachoka, akainama kuegemea kile chuma cha foleni, kidogo tu, kupumzisha miguu.

Ta!

Nilisikia mlio ule nikiwa nyuma yake na spika begani, na kwa jinsi ninavyoujua mlio wa sumaku na chuma, nilijua kabla hajageuka. Alijaribu kuinuka, hakuinuka. Akavuta, mkanda ukavutika naye (mafundo matatu, kazi nzuri ya fundi). Foleni ikasogea mbele, yeye akabaki pale ameinama kama anayenong'oneza kile chuma siri. Nyuma yetu mama mmoja mwenye beseni la sambaza, vile visamaki vya ziwani, akaanza: "Mama wa kwaya, songa basi! Unasali?"

"Imenishika," Konsolata akaninong'oneza. "Papa Diane, imenishika!"

Na hapa, ndugu zangu, ndipo ufundi wangu uliponimaliza. Fundi anajua sumaku haivutwi, inatelezeshwa. Kwa hiyo badala ya kuweka spika chini na kufungua yale mafundo taratibu, nikapaza sauti, "Usivute! Teleza! Teleza upande!" Naye, kwa kuniamini, akateleza. Akaenda ubavu ubavu akifuata chuma, ameinama, tik, tik, tik, kila alipopita kwenye maungo ya kuchomelea, huku akipita watu aliokuwa nyuma yao, nao wakipiga kelele kwamba anaruka foleni, mpaka chuma kilipokwisha. Na chuma kilikwisha mbele ya meza ya afande.

Alikuwa afande wa kike, msichana mwenye sura ya upole. Akamtazama Konsolata, akatazama kifua chake kilichokaa kama kabati, akasema kwa heshima, "Mama, karibu. Ni nini iko hapo ndani? Twende kwenye chumba, nikuangalie."

Angekwenda kule chumbani, labda tungenusurika. Lakini Konsolata alikuwa mtu asiye na cha kuficha, na aliyesikia minong'ono ya magendo nyuma yake. Akasimama wima, akasema kwa sauti ile ya kwaya inayofika mpaka milango ya nyuma:

"Hapana, binti yangu. Mi sina cha kuficha. Niko mugonjwa wa kansa. Hii ni dawa ya sumaku, bwana yangu alitengeneza, na muganga anajua."

Jirani yetu Verediana, aliyekuwa akiimba naye sauti ya pili, akavua mtandio wake akaushika kama pazia, na nyuma ya pazia hilo mafundo yangu yakafunguliwa. Mkanda ukawekwa mezani. Ukaruka wenyewe, ukashika stepla, ukashika sanduku la mihuri, ukashika bakuli la kalamu, na afande akabaki anabandua vitu vya ofisi kimoja kimoja. Mtu akacheka, wa pili akafuata, kisha foleni nzima ikalipuka.

"Magendu ya masumaku!"

"Mama wa kwaya anabeba spea za spika!"

"Na spika yenyewe iko kwa bega la muzee, muangalie! Amegawanya mizigo!"

Afande hakucheka, namshukuru mpaka leo. Akaniita. "Muzee, ni wewe fundi? Umeandikisha spika moja. Hizi nne ni za dawa kweli?"

Nikaanza kueleza. Nikaeleza chembe za nano pale mpakani, huku nimebeba spika, kwa maafande watatu na wauza nyanya. Nilisema panya, nilisema kutu, nilisema mto wa damu. Nilipofika kwenye vidonge vya chuma hata mimi nilianza kusikia jinsi ninavyosikika.

"Bon," akasema afande. "Si kwa ubaya, muzee. Nipe namba ya hospitali, niulize, mama apite na watu wake."

Konsolata akasema, "Mpigie, binti. Anajua."

Ningeweza kusema namba sina. Ningeweza kusema ukweli. Nikampa namba, nikiomba ile isipokelewe kama mara ya kwanza. Akaweka sauti ya nje kwa sababu ya kelele. Ikaita mara mbili tu.

Alikuwa nesi, yule anayemtoa Konsolata damu. Afande akamweleza. Sauti ikatoka, ikasikika mpaka kwa wauza samaki:

"Sumaku? Sumaku gani? Hakuna mtu hapa aliyempa ruhusa hiyo. Mwambieni mama avue sasa hivi. Ngozi yake kipindi hiki ni dhaifu, atajiumiza. Nani kamfunga?"

Watu walikuwa bado wanacheka, lakini Konsolata hakuwa anawatazama watu. Alikuwa ananitazama mimi, hakuwa na hasira. Alikuwa ananiangalia kama mtu anayesoma bei ya kitu mara ya pili.

Afande akatufungia sumaku kwenye gazeti, akasema hakuna kosa la mpakani hapa, akamshauri mama arudi apumzike. Konsolata akageuka, Verediana akamshika mkono, wakaondoka wawili wakifuata barabara ya ziwani.

Nilipaswa kutua ile spika palepale na kuwafuata. Lakini kwaya ilikuwa inasubiri, harusi inasubiri, na nikajiambia nikiwaacha bila spika itakuwa aibu juu ya aibu. Nikavuka. Kisa kilikuwa kimefika harusini kabla yangu. Msema chochote wa harusi, mwenye kipaza sauti, akatangaza, "Fundi, usimukaribie bibi harusi, utamuvua pete!" Watu wakaanguka kwa kicheko. Dhahabu haivutwi na sumaku, na kidogo nimsahihishe.

Safari iliyofuata ya hospitali nesi alimkuta na michubuko kifuani ambayo haijapona, myeusi, ya mviringo, minne. Daktari akaahirisha dawa wiki mbili mpaka ngozi itulie. Kisha akaniketisha, hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Aliniambia ile nyekundu ni rangi ya dawa yenyewe, haina chuma. Chuma cha vidonge kikishaingia kwenye damu hakitii sumaku ya spika wala ya nini. Chembe alizosema Diane ni kitu cha kweli, alisema, na labda wajukuu wangu wataziona hospitalini, lakini zinatengenezwa, zinabebeshwa dawa, zinapimwa. "Ungeniuliza, mzee," akasema. "Dakika moja ingetosha."

Jioni hiyo Konsolata aliniambia maneno ambayo nimeyarudia kichwani mara nyingi mpaka nayajua kama sala.

"Papa Diane, juu ya masumaku mi sina hasira. Ulikuwa unanitakia uzima. Watu wa foleni nao watachoka kucheka. Lakini nilikuuliza kama muganga anajua. Ukaniangalia kwa macho, ukasema anajua. Na mi nikasimama mbele ya dunia yote nikasema anajua."

Nikavuta kiti nikakaa.

"Safari zingine nitaenda na Verediana," akasema. Halafu akaniuliza kama nitakula viazi au ugali.

Na kweli alikwenda na Verediana, mara zote zilizobaki, na wakati wa upasuaji, na baada ya upasuaji. Alikuwa anarudi, ananisalimia vizuri, ananipikia, ananiambia safari ilikuwa salama. Nikiuliza daktari kasema nini, anajibu, "Kasema tuendelee." Sauti yake ya pili kwenye kwaya hakuirudia, kwa sababu watoto walikuwa wanamwita Mama Sumaku getini pa parokia. Mimi mwenyewe wananiita kwa hiyo sumaku mpaka leo, na ninaitika, ni haki yangu.

Sanduku lile nilimpa fundi kijana wa Rugerero, nikabaki na kiapo kimoja: nisiulizwe jambo nisilolijua nikasema najua, hata nikiulizwa tu ni saa ngapi.

Mwezi uliopita nilikwenda Mahoko kununua viazi. Mama ninayenunua kwake, anayesali na Verediana, aliponiona akainua mikono yote miwili. "Muzee Gaspari! Tumushukuru Mungu! Nasikia muganga amesema mama amepona, kansa imeisha! Mumefurahi aje!"

Nikasema tumefurahi sana. Nikasema asante. Nikanunua viazi vingi kuliko nilivyoweza kubeba, ili nipate sababu ya kuinama.

Nilipofika nyumbani Konsolata alikuwa anaanika nguo. Nikamwambia nimesikia. Akasimama na shuka mkononi.

"Nilitaka kukuambia jioni," akasema.

Alikuwa ameambiwa tangu Jumatano. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Mke wangu amepona, yuko nyumbani, anacheka na jirani yake uani, na mimi namshukuru Mungu kwa hilo kila asubuhi. Lakini daktari alipomwambia, aliyekuwa amemshika mkono ni Verediana, na mimi mume wake nilizipata habari kwa muuza viazi wa Mahoko.